Marehemu Arobaini na Mmoja wa Chumba cha Eksirei

Ifahamike kwa wote, wenye macho na wenye miwani, kwamba mtu aliyejua kuliko binadamu yeyote jinsi mpelelezi anavyowasha sigara kwenye mvua hakuwa mpelelezi, hakuwahi kuvuta sigara, na mvua ilimbana kifua. Alikuwa fundi wa eksirei katika hospitali ya ghorofa mbili, mwenye miaka hamsini na mbili, nyayo bapa na pumu ya kuzaliwa nayo. Wenzake walimwita Inspekta. Mwanzoni walimwita hivyo kwa kumdhihaki, na baadaye pia.

Ugonjwa ulimpata kwa kinyozi, akiwa na miaka kumi na mmoja. Chini ya benchi la wateja kulikuwa na rundo la vitabu vya katuni vilivyochakaa, na kimojawapo, kisicho na jalada wala kurasa tatu za mwisho, kilikuwa toleo la kwanza la *Koti Refu*. Hilo lilikuwa jina la kitabu na jina la mpelelezi wake pia, jingine hakupewa. Mchoraji alitumia wino mweusi tupu, akaacha weupe pale tu ulipomshinda kuufunika: ukingo wa kofia, jino la muuaji, kidole kimoja cha mwanamke aitwaye Bi Glavu kikichomoka kwenye glavu polepole kwa kurasa mbili nzima. Mvua hakuichora. Aliikwangua kwa wembe juu ya wino uliokauka, kwa hiyo mvua ya *Koti Refu* ilikuwa na ncha, na aliyenyeshewa nayo alionekana kama amechanjwa mwili mzima. Wema walikufa kwanza, wabaya wakafuata, na mpelelezi mwenyewe alipigwa katika kila toleo bila kukosa, kama dozi ya daktari.

Kinyozi alimnyoa upara siku hiyo badala ya kumpunguza, na mteja wake hakugundua mpaka alipofika nyumbani na mama yake akapiga ukunga.

Alipomaliza shule alichagua eksirei kwa sababu ambayo hakuijaza kwenye fomu: ilikuwa kazi pekee aliyoijua ambamo mtu anaajiriwa kukaa gizani akitazama weusi na weupe. Madaktari waliona paja lililovunjika. Yeye aliona ukurasa. Aliwahi kuinua picha kwenye kioo cha mwanga mbele ya mgonjwa anayelia, akainamisha kichwa huku na huku, akasema, "Kivuli kimekaa vizuri sana hapa." Mgonjwa akauliza kama atatembea. "Sijafika huko," akajibu Inspekta.

Alioa mshona nguo, mwanamke mwenye akili na mkasi mkali. Wiki ya kwanza ya ndoa alimsomea toleo la saba, lile ambalo mume anamsukuma mkewe kwenye tundu la lifti. Bibi harusi alisikiliza mpaka mwisho akiwa na pini mdomoni.

"Watoto wao walilelewa na nani?" akauliza.

"Hawakuwa na watoto."

"Ndiyo maana. Walikuwa na nafasi ya kusukumana."

Kisha mama mkwe alikuja kukaa wiki mbili, akakaa miaka kumi na mitano na bado yupo. Katika mwezi wa pili aliwashia jiko la mkaa kwa toleo la tisa. "Samahani, mwanangu," alimwambia mkwewe, akipuliza. "Kilikuwa hakina hata rangi. Nikajua ni kitu kilichoharibika." Ilimchukua Inspekta miaka minne kupata toleo jingine la tisa. Alilipata kwa mzee mmoja mpenzi wa vitabu hivyo, siku mzee alipozikwa. Alienda msibani, akalia kuliko wafiwa, akaombwa apumzike chumba cha ndani, akatoka humo na toleo la tisa chini ya shati. Watu walimsifu kwa moyo wake. Mjane alimpa chupa ya maji.

Baada ya hapo aliona kwamba nyumba yenye jiko si mahali salama. Akahamishia vyote arobaini na moja kazini, kwenye masjala ya picha za eksirei, na hapo ndipo alipoonyesha kwamba miaka yote ile ya kusoma habari za wahalifu haikupotea bure. Kila kitabu alikitia ndani ya bahasha kubwa ya kaki ya wagonjwa. Kila bahasha aliipa namba ya uongo, kuanzia elfu tisa na moja, kwa kuwa hospitali haikuwa imefikia hata elfu saba. Na juu ya kila moja aligonga muhuri mwekundu: MAREHEMU. Nani anaazima picha za mfupa za mtu aliyekwisha kufa? Ili kumalizia, alipigilia tangazo mlangoni kwa mkono wake mwenyewe: *Ni marufuku kufungua bahasha ya marehemu. Heshimu wafu.* Mganga mkuu alilipita siku moja akalisoma, akasema laiti idara zote zingekuwa na utu wa namna hii.

Kwa miaka kumi, saa ya chakula cha mchana, Inspekta aliingia masjala, akavuta marehemu mmoja, akamsoma akitafuna mkate. Alikuwa mtu mwenye furaha. Kama tungemwacha hapo pasingekuwa na la kusimulia, kwa hiyo hatutamwacha.

Asubuhi moja redio ilitangaza kwamba kampuni fulani inatengeneza filamu ya *Koti Refu*. Mchoraji alikwisha kufa, ghala la mchapishaji liliingiliwa na maji miaka mingi nyuma, na hakuna aliyekuwa na mfululizo kamili. Mwenye nao ajitokeze. Atakuwa mshauri wa filamu, na jina lake litaandikwa kwenye skrini.

Inspekta alipiga simu mara kumi na tisa. Mara ya ishirini alipokelewa na mwongozaji wa filamu mwenyewe, binti mwenye sauti ya mtu anayetafuna kitu.

"Vyote arobaini na moja, mjomba? Una hakika?"

"Hata cha tisa."

"Alhamisi nakuja. Usimwonyeshe mtu."

Alikaa kitako na simu mkononi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na kitu ambacho mtu mwingine alikitaka. Watu wangeketi kwenye giza, giza halali lenye viti, wakaona kile alichokiona yeye kwa kinyozi, na chini yake wangesoma jina lake. Alimweleza mkewe jioni ile kabla ya kuvua viatu.

"Mshauri," mkewe alirudia. "Utawashauri nini?"

"Vivuli."

"Umewahi kunishauri mimi juu ya bomba la jikoni?"

"Mama watoto, bomba halina kivuli."

"Linavuja, baba watoto. Kivuli linacho pia, ila hujawahi kwenda kukitazama."

Mtu mwenye akili timamu angebeba bahasha zake nyumbani jioni hiyohiyo na kulala juu yake. Inspekta alitaka Alhamisi iwe na sura. Alijiona akizima taa ya masjala, akiwasha kioo cha mwanga, akivuta bahasha ya kwanza kutoka rafu ya chini mbele ya macho ya yule binti, akisema kwa sauti nzito, "Huyu alikufa kabla hujazaliwa." Aliifanyia mazoezi sentensi hiyo bafuni. Basi akaziacha bahasha mahali pake.

Wiki hiyohiyo hospitali ilipata mashine mpya ya eksirei inayohifadhi picha kwenye kompyuta. Mganga mkuu akatoa agizo kwamba masjala ipunguzwe, na wa kwanza kuondoka wawe marehemu, maana hao hawatarudi kulalamika.

Kazi ilipangwa Jumatatu. Karani wa masjala alikuwa mwanamke aliyependa utaratibu kama wengine wanavyopenda wajukuu. Walimwita Bi Faili, naye hakuona dhihaka yoyote ndani yake. Aliweka meza katikati ya chumba. Utaratibu ulikuwa huu: yeye anasoma namba, fundi anathibitisha muhuri na kusema "aende", yeye anaiweka bahasha kwenye toroli, fundi anatia sahihi kwenye orodha. Inspekta alikuwa na nia safi ya kuruka rafu ya chini ikifikiwa. Alikuwa na nia hiyo mpaka saa nne kasoro, simu yake ilipolia.

"Mjomba, kofia," alisema mwongozaji. "Inafunika jicho moja au yote mawili?"

Moyo wa Inspekta ulivimba kama andazi. Miaka arobaini alikuwa amesubiri mtu amuulize swali hilo.

"Mwanangu, kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi kaa vizuri. Mpaka toleo la kumi na nne, jicho moja, la kulia."

"Mia mbili na saba," alisema Bi Faili.

"Aende. La kulia, kwa sababu bado anaamini watu. Toleo la kumi na tano kaka yake anamsaliti, anamfungia kwenye jokofu la nyama. Kuanzia pale, yote mawili."

"Mia tatu na themanini."

"Aende. Toleo la thelathini jicho linarudi, lakini halina mboni. Umeandika hilo? Halina mboni."

Iliendelea hivyo dakika arobaini na tano. Toroli lilijaa, likatoka, likarudi. Mkono wa kushoto wa Inspekta ulishika simu, wa kulia ulitia sahihi, na kichwa kilikuwa kwenye jokofu la nyama.

"Elfu tisa na moja," alisema Bi Faili.

"Aende."

Bi Faili hakuiweka kwenye toroli. "Inspekta, namba hii hatujaifikia. Mgonjwa wa mwisho ni elfu sita na kitu."

Inspekta alifunika simu kwa kiganja, uso umemkunjamana. "Ana muhuri?"

"Anao."

"Muhuri unasemaje?"

"Marehemu."

"Sasa unataka umfufue?"

"Nifungue nitazame, labda namba imekosewa."

"Bi Faili, tangazo la mlangoni linasemaje?"

Bi Faili alilijua kwa moyo. Aliinamisha kichwa kidogo kwa aibu, kwa niaba ya wafu.

"Aende," alisema Inspekta, akarudi kwenye kofia. Wakaenda wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka elfu tisa na arobaini na moja, kila mmoja na sahihi yake. Ya mwisho aliitia kwa mbwembwe, na mkia mrefu, kwa sababu mwongozaji alikuwa amemwambia, "Mjomba, wewe ni hazina."

Alhamisi alivaa koti refu la mvua kwenye jua kali. Mwongozaji alikuja na raba miguuni na simu mkononi, akirekodi kila kitu, ndiyo kazi yake. Inspekta alizima taa. Akawasha kioo cha mwanga. Akainama kwenye rafu ya chini na kusema kwa sauti nzito, "Huyu alikufa kabla hujazaliwa," akavuta hewa.

Rafu ilikuwa na vumbi tu, na ndani ya vumbi mstari mmoja mrefu msafi.

Aliwasha taa. Akazima. Akawasha tena, kama vile kosa ni la balbu.

"Vimeibwa," alisema. Na kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akisubiri wizi, aliinua kola ya koti. "Hakuna mtu kutoka."

"Tupo wawili tu, mjomba," alisema mwongozaji, na simu yake haikushuka.

Mshukiwa wa kwanza alipigiwa simu nyumbani. "Mama, Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa na magoti yangu," alijibu mama mkwe, "ambayo mkwe wangu fundi wa eksirei hajawahi kuyapiga picha hata moja."

Mshukiwa wa pili alikuwa mfagiaji, aliyekiri papo hapo kwamba aliiba sabuni mbili mwezi uliopita na kuomba radhi. Inspekta alimwambia aondoke, hakuwa anatafuta watu wadogo. Bi Faili alisogea na faili lake kwapani, akafungua mdomo.

"Zamu yako ya kuhojiwa haijafika," alisema Inspekta, akimnyooshea kidole. "Kaa kimya mpaka uitwe."

Bi Faili alifunga mdomo na kuwafuata kwa nyuma.

Mshukiwa wa tatu alikuwa mchoma taka, nyuma ya mochwari, mzee mpole waliyemwita Jivu. Alieleza kazi yake bila kificho. Picha za plastiki huchukuliwa na lori la kiwanda. Karatasi zote huchomwa, ili siri za wagonjwa zisije zikafungia watu njugu. Bahasha anaitikisa kwanza: ikilia kama bati ina picha, anaitoa, isipolia inaingia tanurini nzima.

"Jumatatu," alisema Inspekta, na pumu ilianza kupiga filimbi kifuani, "zilikuwepo zisizolia?"

"Nyingi tu. Zilikuwa nzito, lakini kimya."

"Ziliwakaje?"

Jivu alifikiri, kwa maana alipenda kujibu kwa usahihi. "Vizuri sana. Zilikuwa na wino mwingi. Moto ukatoka na rangi ya kijani kidogo, nikamwita mlinzi aje aone."

Inspekta alipiga magoti mbele ya tanuri na koti lake, akaingiza mkono. Kati ya kurasa elfu moja na ushee za usiku, mvua na mauaji, tanuri lilikuwa limekataa kula kipande kimoja tu: nusu ya jalada la nyuma, tangazo la dawa ya mba. Mwanaume ndani yake alikuwa anatabasamu.

"Nani alikuamuru?" aliuliza, bila kuinuka.

"Karatasi."

"Karatasi ya nani?"

"Mimi nasoma muhuri tu, Inspekta. Ya sahihi muulize Bi Faili."

Inspekta alimgeukia polepole, kama wanavyogeuka katika ukurasa wa mwisho. "Ulikuwa unajua. Saa nzima unanifuata na unajua. Kwa nini hukusema?"

"Uliniambia nisubiri zamu yangu," alisema Bi Faili. Akafungua faili, akalamba kidole, akafunua. "Elfu tisa na moja mpaka elfu tisa na arobaini na moja. Sahihi ya nani hii?"

Inspekta aliisogeza karatasi karibu, kisha mbali, kisha akaiinua kwenye jua kama picha ya mfupa.

"Imeghushiwa," alisema.

"Zote arobaini na moja?"

Alimrudishia karatasi.

"Hii ya mwisho ina mkia," alisema Bi Faili, bila ubaya wowote. "Nilidhani umefurahi."

Pumu ilipiga filimbi. Mwongozaji alishusha simu, akatazama kama imerekodi yote. Ilikuwa imerekodi yote.

Inspekta alimfuata mpaka kwenye gari. Alimwambia anakumbuka kila picha, kila ukurasa, atamchorea. Alichora pale pale, nyuma ya fomu ya kulazwa, kwa kalamu ya hospitali, akihema.

"Huyu nani?" aliuliza mwongozaji.

"Bi Glavu."

"Na hiki kiazi?"

"Ni mkono wake."

"Mjomba, acha." Alimshika bega, na alikuwa na huruma kabisa, hilo ndilo lililokuwa baya. "Nikwambie ukweli. Hadithi yenu ile, watu wanauawa na watu ambao nao wanauawa. Wenzangu walikuwa wanasinzia nikiwaeleza. Lakini hii ya leo. Mpelelezi anahangaika jengo zima, anahoji mpaka mkwe wake, kumbe muuaji ni yeye. Hii watu watacheka mpaka waanguke."

"Haikuwa ya kuchekesha."

"Wewe ulikuwa mbele ya kamera. Hukuiona."

"Na jina langu?"

"Litakuwepo. Mshauri wa filamu, kama tulivyokubaliana."

Alikuwa na sekunde moja ya kukataa. Aliitumia kupiga chafya, kwa sababu ya majivu.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza baada ya mwaka mmoja, Jumamosi saa nane mchana. Ilikuwa ya rangi, nyingi za machungwa. Koti lilikatwa likaishia kiunoni, kwa kuwa mwigizaji alikuwa na miguu mizuri na mkataba uliosema ionekane. Hata hivyo aliitembeza miguu hiyo kibapabapa, akipiga filimbi kifuani, na ukumbi mzima ulicheka kabla hajasema neno. Alimhoji mkwewe kwa simu. Alimsamehe mfagiaji. Aliingiza mkono tanurini, akatoa tangazo la dawa ya mba, akalibusu.

"Mkwe," alinong'ona mama mkwe, machozi yakimtoka kwa kicheko, "bwege huyu ananikumbusha mtu, simpati."

Mkewe alijizuia. Kwa kumtendea haki lazima isemwe kwamba alijizuia muda mrefu, mkono wake umemshika mumewe kwenye kiwiko. Alijizuia mpaka pale pa sahihi. Pale alimwachia kiwiko ili azibe mdomo kwa mikono miwili.

Inspekta aliangalia kofia. Katika picha moja, karibu na mwisho, ilifunika macho yote mawili, sawasawa kabisa, na kivuli kilikata uso chini ya pua kama alivyoelekeza kwenye simu ile Jumatatu. Palikuwa na watu mia tatu ukumbini na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama kofia.

Jina lake lilitokea. Lilikuwa la tatu kutoka mwisho, baada ya mpika chai, na lilipanda juu haraka kwa sababu taa zilikuwa zimeshawashwa na watu wanatafuta viatu vya watoto.

Kisha mshereheshaji alipanda jukwaani na kipaza sauti. Filamu hakuiona, alifika imekwisha. Kadi aliyopewa iliandikwa na ofisi ya kampuni siku ile ile Inspekta alipopiga simu mara ya ishirini, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Aliisoma kwa sauti ya kuapisha mawaziri.

"Mabibi na mabwana, tunaye hapa mlinzi wa hazina. Mtu aliyevihifadhi vitabu arobaini na kimoja miaka yote hii, moto usivipate, maji yasivifikie, kisipotee hata kimoja. Mzee wetu, karibu mbele. Waambie vijana, ni nini siri yako?"

Walimsukuma mpaka jukwaani. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasubiri vicheko vitulie.

"Vilichomwa Jumatatu, saa tano kasoro," alisema. "Sahihi ni yangu."